Skrubu za nailoni za Digo Road: kwa roketi ndogo, chukua M2

Ukimwambia muuza duka wataka skrubu za nailoni, cha kwanza atakutolea za M3, yaani zenye unene wa milimita 3 (M2 ni milimita 2). "Shika hizi, ndugu yangu, ndo ngumu." Kwa anayefunga bodi ya redio, sawa kabisa. Sisi wa roketi ugumu huo hatuutaki. Skrubu hizi ndizo pini zinazoshika pua ya roketi isichomoke njiani, halafu gesi ya kutoa mwavuli ikisukuma, zikatike papo hapo. Pini ikigoma, mwavuli unabaki ndani na roketi inashuka kama mkuki.

Duka lenyewe ni la spea za elektroniki, kwenye kichochoro kinachotokea Digo Road, hapa Mombasa. Nilichukua pakiti ya M2 na ya M3, shilingi 250 kila moja, nikazipima nyumbani: bomba mbili zinazoingiliana, pini moja ikizifunga, mtungi wa lita 20 ukining'inia chini, na kopo la kuongezea maji kidogo kidogo. M2 ilikatika kwenye kilo 12 hivi, tena mkato safi. M3 ilibeba mtungi hadi ukajaa pomoni, kilo 20 na ushei, wala haikushtuka.

Sasa piga hesabu. Bomba langu lina kipenyo cha ndani cha milimita 54, yaani eneo la kama sentimita mraba 23. Presha ya PSI 15 (paundi kwa kila inchi mraba) humo ndani inaisukuma pua kwa kilo 24 hivi, na hapo ndipo pini mbili za M2 zinapokatika. Ukiweka tatu za M3 utahitaji zaidi ya PSI 37, uanze kuongeza gesi mpaka uliogope bomba lenyewe. Mimi natumia kichupa cha kaboni dioksaidi, kile cha kujazia tairi za baiskeli, maana baruti huku kwetu ni mambo ya kibali. Pini mbili zanitosha, na kabla ya kurusha najaribu chini kwanza kwa pampu.

Lawama ninayo moja. Pakiti nyeupe wamezitundika kwenye kioo cha mbele, jua la mchana kutwa linazipiga. Zimeshaingia umanjano, na ukiikunja moja kwa vidole inavunjika *tak!* Nailoni nzima hupinda kwanza. Pini iliyopauka hivyo inaweza kukatika roketi ikiwa bado yapanda, mwavuli ukafunguka kwenye mwendo mkali ukachanika.

Unyevu wa Mombasa nao usiupuuze. Nailoni hunywa maji. Niliyoiloweka usiku kucha ililainika, ikawa inavutika badala ya kukatika, na tundu la bomba la karatasi likatanuka likawa la yai. Zangu nazihifadhi kwenye chupa yenye kifuniko, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Tundu nalo nimelizungushia kipande cha bati la kopo la maziwa, gundi kidogo, ukingo wake unaikata pini kama kisu.

Kwa bei hiyo nitarudi. Ukienda, mwambie akutolee za sanduku la nyuma, na kunja moja mbele yake kabla hujalipa, hana neno. Ijumaa wanafunga saa sita unusu hadi watu watoke msikitini.