Fundi wa Gerezani aliyeifundisha mashine yangu kusubiri

Natengeneza sabuni ya maji Vingunguti: tangi moja, mota ya kukorogea, valvu inayojaza madumu ya lita 5. Fundi wa kwanza alipanga kila kitu kwa dakika tu. Maji nane, kukoroga ishirini, valvu ifunguke. Presha ya bomba ikishuka, tangi linabaki nusu na mota inakoroga hivyo hivyo. Siku moja umeme ulikatika, uliporudi valvu ikafunguka yenyewe bila dumu chini. Kijana wangu aliteleza, akaumia kiwiko. Kumpigia fundi, hapatikani, na programu kaifunga kwa nywila.

Jirani akanielekeza mtaa wa Gerezani, hapa hapa Dar. Fundi niliyempata huko alipofika hakugusa waya kwanza. Alikaa juu ya ndoo, akaangalia kazi mzunguko mzima, kisha akaniuliza: "Mama, valvu ikikwama, mashine itajuaje?"

Alifunga Siemens LOGO! 8 ya volti 230, kikompyuta kidogo cha kuongoza mashine, chenye njia 8 za kupokea ishara na relei 4, yaani swichi kinazowasha na kuzima chenyewe. Relei hizo zinabeba ampea 10 kwa mzigo kama wa hita, lakini 3 tu kwa mzigo wa mota, kwa hiyo mota akaipa kontakta yake, swichi ya sumaku inayohimili umeme mkubwa. Sasa hatua haianzi mpaka iliyotangulia ithibitishwe: floti ya juu, boya linalopima maji, iseme tangi limejaa, ndipo mota iwake. Hatua ikizidi muda wake, kila kitu kinasimama, taa nyekundu inawaka na kioo kinaandika pamekwama wapi. Umeme ukirudi, mashine inatulia mpaka mtu abonyeze kitufe. Kile cha dharura kinakata kontakta moja kwa moja, hakipiti kwenye programu kabisa. Kabla ya kuondoka alizima swichi kubwa katikati ya kila hatua, nikiwa nimesimama pale pale naangalia.

Alichelewa siku tatu, na mchoro wa waya kaniachia wa penseli. Hilo bado namdai. Ufundi laki sita, kifaa nilinunua mwenyewe. Nakala ya programu ninayo kabatini kwenye kadi ya kumbukumbu, haina nywila.

Wiki iliyopita floti iliganda kwa ukoko wa sabuni. Valvu ya maji ikajifunga, kioo kikaandika TANGI HALIJAJAA. Kijana wangu akaifuta floti kwa kitambaa, akabonyeza kitufe, tukaendelea kujaza.