Propela ya mbao kwa injini ya Volkswagen: nimeuziwa na dharau juu

Jamani naandika bado nina hasira. Niko huku Marekani, ndege yangu nimeijenga mwenyewe gereji, injini ni ya Volkswagen, zile Beetle za zamani, imepanuliwa silinda mpaka cc 2180, propela inakaa moja kwa moja kwenye krenki shafti, giaboksi hamna. Sasa injini ya hivi nguvu yake iko kwenye mizunguko elfu tatu na kitu kwa dakika, haiwezi kubeba pangaboi refu kama injini yenyewe ya ndege, ndo maana nikaagiza kwa fundi inchi 54 kwa 44, yaani urefu ncha hadi ncha inchi 54, na mlalo wa bawa wa inchi 44, ule umbali ambao propela ingejisukuma mbele kwa mzunguko mmoja, nikaandika kabisa kwenye fomu, na simu nikapiga kuhakikisha.

Wiki zikapita weee, mzigo ukafika. Mbao inang'aa, tabaka zimebanana huoni gundi ilipo, nikaipapasa we! Nikakaza boliti, nikatoa plagi, nikaizungusha kwa mkono huku nimeweka stuli kwenye ncha, bawa la kwanza na la pili yanapita palepale. Safi kabisa. Tukaifunga ndege kamba, nikaifungulia moto wote, ikafika 2,400 ikagoma. Inaunguruma kama Fuso linapandisha Kitonga na gia ya nne. Nikazima nikaenda kuangalia kitovu, pamegongwa 54 kwa 52!

Kupiga simu, fundi mwenyewe kapokea, wala hashtuki, eti "nilikuongezea upate spidi ukiwa juu". Juu nitafikaje sasa, na miti iko mwisho wa uwanja? Kumwelewesha akanikatisha, "bwana hiyo ni injini ya gari, tatizo lako ni injini", akakata simu. Injini niliyokesha nayo usiku mmoja mmoja!

Haki ya Mungu useremala wake sijaona mfano wake, na jamaa wawili hapa uwanjani wanarukia propela zake, wao wana injini za ndege, wanamsifu, hivyo nilitaka nimpe nyota tatu. Ila nikikumbuka ile simu, hapana, moja, na hiyo moja ni ya mbao.

Jirani mwenye Volkswagen akaniazima yake, 54 kwa 44, ikapanda 2,950 bila kusukumwa, injini ile ile aliyoitukana. Ya kwake nimeshairudisha, hela yangu mpaka leo sijaiona.