Secondhand Spirits: mchawi muuza nguo za zamani, nimempenda mno

Jamani kwa wale wanaopenda stori za upelelezi lakini hawataki damu kila ukurasa, nimemaliza Secondhand Spirits ya Juliet Blackwell na siwezi kukaa kimya. Ni kitabu cha 2009, cha kwanza kwenye mfululizo wake wa Lily Ivory, mchawi wa kutoka Texas anayehamia San Francisco na kufungua duka la nguo za zamani pale Haight-Ashbury, ule mtaa uliojaa mahipi, vijana walioishi kwa mtindo wao huru, mwaka 1967. Mtaa umechaguliwa kwa akili sana, maana Lily maisha yake yote amekuwa akijificha, anaogopa watu wakijua alivyo watamkimbia, sasa anatua sehemu ambayo kila mtu ana ya kwake na hakuna anayemshangaa mwenzake. Hata akionekana na nguruwe dukani watu wanaona poa tu.

Huyo nguruwe ndio Oscar. Kwa watu ni kinguruwe cha kufugwa, wakibaki wawili anageuka kiumbe kidogo cha ajabu chenye mdomo mrefu na njaa isiyoisha. Lily hakumtaka kabisa, aliletewa tu, lakini jinsi wanavyozoeana taratibu, yaani nilikuwa nasubiri kila sehemu anapotokea.

Ila kilichonikamata hasa ni nguo zenyewe. Lily akigusa gauni la zamani anahisi maisha ya aliyelivaa, kama alikuwa na furaha, kama alilia sana, kama ana kitu kibaya alifanya, na nguo yenye mambo mabaya haiuzi, wakati mteja mwingine anampa kitu ambacho hajakiomba kwa sababu anajua ndicho kitakachomfaa. Hapo mwandishi anatulia, hakimbilii maiti, anakuacha ushike vitambaa na unuse kabati. Usitegemee uchawi wa kupaa na ungo. Huu ni wa mitishamba, wa kuchemsha vitu usiku peke yake jikoni, wa kufundishwa na bibi aliyemlea, na una masharti na unachosha, akimaliza kazi kubwa mwili unakuwa hoi. Niliamini kila kitu.

Sasa fumbo lenyewe. Kuna mama mzee ambaye Lily alikwenda kwake kununua nguo, anauawa, na papo hapo mtoto anapotea, na Lily anajua kabisa hii sio kazi ya binadamu peke yake kwa sababu amesikia kilio cha La Llorona. Kama hamumjui, huyu ni mzimu wa simulizi za Mexico, mwanamke anayesemekana aliwazamisha watoto wake mwenyewe majini na tangu hapo anatembea kandokando ya maji usiku akiwalilia, na watoto wanaonywa wasimsogelee. Aisee nilikuwa nategemea stori nyepesi ya kujifunika blanketi nikapata na hii, na imekaa vizuri mno, kwa sababu inatisha bila kuchinja mtu mbele yako, inakutisha kwa huzuni, unamwogopa mama huyu na bado unamwonea huruma. Sehemu za karibu na maji nilizisoma polepole kwa makusudi.

Kwenye muuaji ndio nina neno. Ukiwa msomaji wa siku nyingi wa hizi hadithi utamhisi mapema, vidokezo viko wazi kidogo, na Lily saa nyingine anaruka kutoka jambo moja hadi jingine polisi wakiwa wamepotea tu kwenye stori. Mapenzi pia yameharakishwa, kuna Max ambaye kazi yake ni kuumbua mambo ya kishirikina, hayaamini hata kidogo, na mvutano wao ungekuwa mtamu zaidi kama angepewa muda wa kubishana naye kweli kuhusu anachokiona kwa macho yake. Aidan, yule mchawi mwingine mjini, yeye kaandikwa vizuri zaidi, mzuri wa sura, msaada anatoa lakini hujui atakudai nini baadaye.

Lakini mimi sikusoma kwa ajili ya kumkamata muuaji. Nilisoma kwa sababu ya mtu aliyezoea kuhamahama na kujificha ambaye anaanza kuzungukwa na watu bila kutarajia, Bronwyn na dawa zake za majani pembeni ya duka, Maya anayemsaidia kutafuta nguo, na kila mmoja anapomsogelea Lily anabana pumzi na mimi nabana naye. Hiyo hofu ya kujulikana ulivyo mwandishi kaishika vizuri kuliko hata uchawi.

Kiingereza chake ni rahisi, sura fupi, unaweza kusoma kwenye simu bila kuchoka. Kama mada ya watoto kupotea inakuumiza kiache, maana iko mwanzo mpaka mwisho. Wengine wote anzeni na hiki, msirukie vya mbele, kwa sababu urafiki wa Lily na Oscar unajengwa humu. Mimi nishafungua cha pili, A Cast-Off Coven, na Aidan bado simwamini.