Nyumba ya kukodi Mkomani, Lamu: nyota nne, ya tano nimeizuia

Tulikuwa familia nzima kutoka Mombasa, harusi ya upande wa mume wangu, tukakodi nyumba ya ghorofa mbili ndani ndani Mkomani. Nyumba yenyewe sina neno. Kuta nene za matumbawe, jua la saa saba halijui njia ya kuingia. Boriti za mikoko, zidaka za ukutani, kiwanda (ua wa ndani) chenye mkilua. Vyandarua havina tundu. Jikoni mbuzi ya nazi ipo, kung'uto hakuna, tui tukachujia kichujio cha chai.

Nyota nyingi ni za mtunza nyumba, kijana wa mtaa huohuo. Kabla hatujatua mizigo alisema: "Mama, hapa mnakaa na watu, si hotelini." Baada ya Isha hakuna muziki. Baraza ya nje ni ya wazee wa mtaa jioni, mgeni akaribie kama mgeni. Na maji tusiyaachie tu: mji huu unakunywa visima vya Shela, kijiji jirani, vilivyo kwenye vilima vya mchanga, na bomba la wageni likifunguliwa kutwa, jirani ndiye anayebeba madumu.

Sasa nyota niliyoizuia: juu, kwenye ghorofa ya paa la makuti. Ukikaa pale unaona moja kwa moja kiwanda cha jirani, wanawake wanasukana nywele, vichwa wazi. Siku ya kwanza binti yangu alirudi chini na aibu. Nyumba za Lamu zilijengwa kwa sitara, mlango wenyewe umepindishwa mpita njia asichungulie, halafu mtu anapandisha ghorofa ya makuti juu ya yote hayo! Niliambiwa wageni wanalipia mandhari. Mandhari gani? Bahari na Manda viko mashariki. Upande wa jirani ni kamba za nguo tu. Jamvi mbili za kutundika zingemaliza maneno.

Jirani huyo alituletea mahamri hata hivyo. Mwanawe ameoa, chumba Mkomani amekosa, amehamia mtaa wa Wiyoni; nyumba mbili karibu na huyo jirani zimefungwa zikisubiri wageni wa Desemba. Kwingine wenyeji wakikosa nyumba hivi wamechukua hatua kali: meya wa Barcelona, Hispania, alitangaza 2024 kwamba leseni za fleti za watalii, zaidi ya 10,000, zitakoma ifikapo 2028. Kwa Lamu mimi nisingefika huko, maana chokaa na boriti ni ghali, na pesa ya mgeni imezuia kuta nyingi zisianguke. Lakini ruhusa ya kukodisha ingeangalia mambo mawili: awepo mtu wa mtaa ndani ya nyumba kama huyu kijana, na paa lisimwangalie jirani.

Bei ni ya haki mkiwa wengi. Siku za Maulidi wekeni mapema. Mkishuka gatini kutoka Mokowe, kule bara mnakopandia boti, patanani na hamali kabla hajainua begi, vichochoro ni vingi na nyumba haina kibao.