Watu wa Tabora, kabla hujanunua pampu mpya muite kwanza huyu fundi wa Soko Kuu

Mimi nakaa Ipuli. Maji ya idara yakija yanaingia kwenye simtanki lipo chini, alafu kuna pampu ya nusu hosi inayasukuma ndani mpaka jikoni na bafuni, pembeni yake kuna lile tenki dogo jekundu la presha la lita 24. Tulifunga kwa ajili ya mama yangu, magoti yamemchoka hawezi tena kubeba ndoo wala kuinama kwenye beseni, kwahiyo pampu ikigoma hapa kwangu sio swala la usumbufu tu, ni mama kushindwa kuoga mpaka mtu arudi nyumbani.

Ilianza mdogo mdogo. Unafungua bomba la jikoni pampu inawaka, haijamaliza hata sekunde tatu inazima, inawaka tena, inazima, swichi inapiga ta ta ta na maji yanatoka kwa kurukaruka. Usiku ndo ilikua mbaya zaidi, saa nane watu wote wamelala unaisikia imewaka yenyewe. Nikavumilia kama mwezi hivi (kosa langu hilo), siku moja ikawa inaunguruma tu haizunguki na ukiigusa ni ya moto.

Nikaita fundi mmoja, simtaji. Huyo hakufungua hata nati moja, aliwasha akasikiliza akasema mota imekufa mama, tafuta laki tatu na nusu nikuletee nyingine. Nilishaanza kuomba mkopo kwenye kikoba. Jirani ndo akanizuia, akanambia kuna fundi ana kiduka cha vifaa vya bomba maeneo ya Soko Kuu, muite huyo kwanza akupimie.

Kilichonifurahisha tangu mwanzo ni maswali yake kwenye simu. Kabla ya kuunguruma ilikua inawaka na kuzima haraka haraka? Inawaka hata kama hamjafungua bomba? Mara ya mwisho kupiga upepo kwenye tenki ni lini? Hilo la upepo nikamwambia sijawahi kusikia, nina hilo tenki mwaka wa tatu. Akasema basi nakuja na pampu ya baiskeli, nikaona kama sijamuelewa vizuri.

Aliahidi saa tatu asubuhi akaja saa saba mchana, hapo namkata maksi kabisa, maana nilikua nimeomba ruhusa kazini. Ila alivyoingia akamkuta mama barazani akamwamkia vizuri kwa Kinyamwezi, akakaa nae kidogo ndo akaenda kwenye kazi.

Akazima breka. Akafungua bomba la nje maji yote ya presha yakaisha. Nyuma ya tenki kuna kifuniko cha plastiki, sikuwahi kukijali, akakifungua na ndani kuna valvu ileile ya tairi la gari. Akaweka geji, sifuri, hakuna upepo hata kidogo. Akabonyeza kile kipini cha valvu kwa msumari, akasema tungeona maji hapa ujue mpira wa ndani umepasuka, ila ni pakavu, mpira wako mzima, tatizo ni upepo.

Alivyonielezea nikaelewa mara moja. Ndani ya tenki kuna mpira unaoingia maji, na nje ya mpira kuna upepo. Upepo unabanika, maji hayabaniki. Upepo ukiwepo unayasukuma maji taratibu hata pampu ikiwa imezima, ukiisha maji yanajaa tenki zima, ukifungua bomba kidogo tu presha inaanguka ghafla, pampu inawaka, presha inapanda ghafla, inazima. Mota inaumia zaidi pale inapoanza, sasa kuanza huko mara mia kwa siku ndo kumechemsha mota na kuua kapasita, kile kikopo kinachoisaidia mota kuanza kuzunguka. Kweli alivyoitoa ilikua imevimba kama kopo la maziwa lililooza. Akanionya nisiishike hovyo inatunza umeme hata ukiwa umezima, akaweka nyingine yenye namba ileile, maikrofaradi 10.

Swichi yangu ya presha inawasha kwenye psi 20 (psi ni kipimo cha presha) na kuzima kwenye 40, kwahiyo upepo akajaza mpaka 18, unatakiwa uwe chini kidogo ya ile namba ya kuwasha, na unapima tenki likiwa halina maji, ukipima lina maji geji inakudanganya. Na jamani hilo tenki la lita 24 halikupi lita 24, kwa presha hiyo linatoa kama lita 8 ndo pampu inawaka.

Pale nilidhani ameshamaliza, yeye akauliza, na ile ya saa nane usiku? Akasubiri pampu ijaze izime, akafunga koki inayoenda ndani ya nyumba, tukaangalia geji kama robo saa, haikushuka. Akasema ingeshuka ningejua nonritani, ile valvu ya kuzuia maji yasirudi nyuma, inarudisha maji kwenye simtanki, sasa haishuki, maji yanapotelea ndani kwako. Tukazunguka, kumbe flashi ya choo cha watoto inachuruzika kidogo sana huwezi hata kusikia. Muda wote huo nalipia luku na maji ya chooni!

Hesabu ilikua hivi, kuja na kupima 15,000, kapasita 12,000, mpira wa flashi 5,000, jumla 32,000. Kwa mtu niliyeambiwa laki tatu na nusu nilitamani kulia.

Mapungufu yapo. Kuchelewa nimeshasema. Risiti hatoi mpaka udai. Na alinishauri niweke floti swichi, ile inayoizima pampu maji yakiisha kwenye simtanki, maana maji ya idara yakikatika simtanki likakauka pampu inazunguka kavu na sili inaungua, sawa, lakini yeye dukani hana, ananambia nisubiri mzigo kutoka Mwanza na mpaka leo nasubiri, wiki ya tano hii.

Ila pampu imetulia. Inawaka, inakaa, inazima, usiku kimya. Jumamosi nimepima upepo mwenyewe ikasoma 17, nikaongeza kwa pampu ya baiskeli ya mwanangu, mama ananiangalia tu anacheka.

Ukimtafuta nenda dukani kabla ya saa mbili na nusu asubuhi, baada ya hapo anakua kwenye kazi za watu, na umueleze pampu inafanya nini hasa, usimwambie tu imekufa.