Utando upi ununue kwa seli ya mafuta ya alkali

Karatasi ya maelezo ya utando wa polima wa seli ya mafuta, yaani kifaa kinachotoa umeme kutokana na haidrojeni na oksijeni, karibu kila mara hutanguliza upitishaji wa ioni (chembe zenye chaji ya umeme). Mimi huiruka hiyo namba kwanza. Ninachotaka kujua ni kiasi gani cha upitishaji huo kitabaki utando ukishakaa wiki kadhaa kwenye alkali ya nyuzi 80 za Selsiasi.

Katika seli hizi, haidroksaidi (oksijeni na haidrojeni zilizoungana, zenye chaji hasi) ndiyo ioni inayovuka utando kutoka upande wa oksijeni kwenda upande wa haidrojeni. Ndiyo inayotuwezesha kutumia fedha au nikeli badala ya kutegemea platini. Lakini kikulacho ki nguoni mwako: haidroksaidi hiyohiyo hung'oa vikundi vyenye chaji chanya vinavyoipitisha, na hukata mnyororo wa polima palipo na viungo vya etha, yaani atomu ya oksijeni iliyounganisha vipande viwili. Maji yakipungua hali huwa mbaya zaidi, kwa kuwa ni maji yanayoizunguka na kuipunguza ukali.

Kwa hiyo nafasi ya kwanza naipa PiperION ya Versogen, Marekani. Mnyororo wake hauna etha, na chaji imekaa kwenye piperidini, kundi la atomu lenye umbo la pete, ambayo huvumilia alkali ya moto vizuri. Asili yake ni utafiti wa Chuo Kikuu cha Delaware. Chukua ile iliyoimarishwa kwa wavu wa ndani; utando mwembamba usio na wavu huchanika kirahisi ukilowa na kukauka mara kwa mara.

Ya pili ni Aemion+ ya Ionomr, Kanada. Hapa chaji iko kwenye pete za imidazoli, zilizozungukwa na vikundi vinavyozuia haidroksaidi isifike karibu.

Fumasep FAA-3 ya Ujerumani naiweka ya tatu. Ni nzuri kwa kujifunzia na kwa kulinganisha matokeo, maana maabara nyingi zimeitumia. Ina etha kwenye mnyororo, basi usiidai maisha marefu kwenye joto kali.

Sustainion inakuja mwisho kwa kazi hii tu. Ndani ya alkali ya maji, kwenye mitambo ya kuchanganua maji kwa umeme, inafanya kazi nzuri sana. Ikikauka huwa dhaifu na kuvunjika, na seli inayolishwa gesi haikosi sehemu kavu.

Uliza pia utando unakuja na ioni gani. Nyingi huja na bromaidi, kloraidi au iodaidi, na lazima uziloweke kwenye potasiamu haidroksaidi ya mola 1 kwa lita, ukiubadilisha mchanganyiko huo, chombo kikiwa kimefunikwa. Ukikiacha wazi, kaboni dioksaidi ya hewani hugeuza haidroksaidi kuwa kaboneti, na upitishaji hushuka kabla hata hujawasha seli.

Na kata baada ya kuloweka. Niliwahi kukata kipande kikavu kikaingia sawasawa kwenye fremu. Kilipolowa kilitanuka, kikajikunja kama karatasi iliyomwagiwa chai, gesi ikapenya pembeni. Tangu hapo kabla ya kulipia namwuliza muuzaji utando unatanuka asilimia ngapi kwa urefu na kwa upana, ukiwa na haidroksaidi, kwenye joto nitakalotumia.