Karatasi gani inafaa kwa shabaha ya mita 10?

Ukinunua karatasi za shabaha kwa bunduki au bastola ya upepo, usivutiwe na uzuri wa duara. Angalia tundu. Risasi ya upepo ina kipenyo cha milimita 4.5, na kumi ya bunduki, yaani alama ya katikati kabisa, ni nukta ya nusu milimita tu. Ukingo wa tundu ukigusa mstari kati ya alama mbili, unapewa iliyo kubwa. Karatasi ikichanika, ukingo haujulikani tena na ubishi unaanza.

Ya kwanza bila ubishi ni kadi iliyotengenezwa kwa ajili ya shabaha: nene, haing'ai, na risasi ya kichwa bapa huikata mviringo safi kama panchi ya ofisini. Kanuni za ISSF, shirikisho la kimataifa la mchezo huu, zinataka karatasi ya namna hiyo, isiyochanika ovyo na isiyobadilika vipimo hali ya hewa ikibadilika. Ubaya wake ni bei, tena si kila mji utaipata. Itunze kwa siku ya kuhesabu alama.

Ya pili ni manila nyeupe ya stesheneri, na kwa mazoezi ya kila wiki mimi ningeanzia hapa. Ichapwe kwa printa ya leza, kwa sababu wino wa maji huchuja kwenye unyevu. Kazi kubwa ni vipimo. Programu nyingi hupunguza picha ili itoshe kwenye A4, na mchapaji hatakwambia. Nenda na rula: duara jeusi la katikati la bastola liwe na kipenyo cha milimita 59.5, la bunduki 30.5. Shabaha nzima ya bastola ina milimita 155.5, kwa hiyo A4 inabeba moja. Za bunduki zinaingia kadhaa. Ukikuta jeusi limepungua hata milimita mbili, rudisha kazi, usione haya.

Karatasi ya fotokopi ya gramu 80 naiweka ya tatu, tena kwa sharti. Peke yake inachanika pembe pembe, hasa kwa risasi zenye ncha. Ipake gundi nyembamba mgongo mzima, ibandike kwenye boksi lililonyooka, ikauke chini ya kitu kizito. Hapo inatosha kabisa kwa anayeanza.

Stika zinazotoa rangi kali kuzunguka tundu ni nzuri kwa kurekebisha vilengeo vya silaha tu. Unaona ulipopiga bila kusogea. Alama huwezi kuhesabu, maana rangi inabanduka na kuficha ukingo. Karatasi ya plastiki inavumilia mvua, lakini tundu hujifunga na kuonekana dogo kuliko risasi. Ya kung'aa, kama ya kalenda, achana nayo.

Walio Mombasa, Tanga au Zanzibar wahifadhi kadi zikiwa zimelala ndani ya nailoni, la sivyo zitajikunja. Nyuma ya shabaha weka boksi mbili, kisha kizuizi halisi cha risasi. Bati wima lililokaza au mbao ngumu hurudisha risasi, kwa hiyo miwani ya kinga ni lazima.

Kabla ya kulipia rimu nzima, omba karatasi moja moja za aina mbili tatu. Zipige risasi tano tano uwanjani, kisha zigeuze: yenye michaniko mifupi mgongoni ndiyo ya kurudi kununua.